AFYA YA JAMAA: Mgonjwa wa sukari akitoka operesheni ya tumbo, dawa za Kihindi zina nafasi gani?

Kama kawaida, ukurasa huu unajibu yale mnayotuuliza njiani, kwenye bomba la maji ama baada ya ibada. Safari hii swali ni moja, lakini limeulizwa na familia zaidi ya moja. Liko hivi:

“Mzee wetu ana ugonjwa wa sukari. Alipasuliwa tumbo hospitali kubwa ya Lilongwe, sasa yuko nyumbani. Akila kidogo tu tumbo linajaa, na choo ni shida. Jirani anasema kule Old Town, kwenye maduka ya Wahindi, kuna unga wa majani, dawa ya Ayurveda, unatengeneza tumbo na unashusha sukari pamoja. Tununue?”

Jibu fupi ni hili: mambo ya jikoni ya Wahindi yanaweza kumsaidia mzee, tena mengi hayana gharama. Dawa za pakiti na chupa ziwekwe pembeni kwanza. Na dawa ya hospitali isiachwe kwa ajili ya unga wowote. Sasa tueleze kwa nini, maana mtu akikatazwa bila kuelezwa anakwenda kununua kwa siri.

AYURVEDA NI NINI?

Ni elimu ya uganga ya India. Jina lenyewe maana yake ni elimu ya uhai. Siyo uchawi na siyo jambo la jana. Mwaka 2014 serikali ya India iliipa Ayurveda na tiba nyingine za asili wizara yake. Vitabu vyake vikubwa viwili, cha Charaka na cha Sushruta, vina umri wa zaidi ya miaka 1,500.

Waganga hao wa zamani walijua ugonjwa wa sukari. Waliuita madhumeha, yaani mkojo wa asali, na waliona sisimizi wanakusanyika pale mgonjwa alipokojoa. Sushruta alieleza hata upasuaji wa tumbo: utumbo uliotoboka uliunganishwa kwa kuwaumisha sisimizi wakubwa weusi kwenye kingo za jeraha, kisha miili inakatwa, vichwa vinabaki vimeshika kama nyuzi.

Kwa hiyo tusiwadharau. Lakini pia tukumbuke, kuutambua ugonjwa na kuuponya ni mambo mawili. Kwa karne zote hizo, mtoto aliyepata sukari ya aina ya kwanza alikufa, India na kwingine kote. Hali hiyo ilianza kubadilika Januari 1922 huko Toronto, Kanada, pale kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipochomwa sindano ya insulini na akaishi.

MOTO MDOGO HAUPEWI KUNI KUBWA

Katika Ayurveda, tumbo lina moto wake, wanauita agni. Moto huo ukiwa hafifu, chakula hakisagiki. Na mafundisho yao juu ya mgonjwa aliyedhoofika kila mama wa hapa atayaelewa mara moja. Ukiwasha moto kwenye mafiga, huanzi na gogo. Unaanza na majani makavu, halafu vijiti, halafu kuni. Ukitupa gogo mwanzoni, moto unazimika na nyumba inajaa moshi.

Kwa mtu ambaye tumbo lake limesafishwa kwa dawa za kutapisha na kuharisha, walipanga chakula kwa ngazi. Kwanza maji ya mchele uliochemshwa. Baadaye uji mwepesi wa mchele, kisha uji mzito zaidi. Halafu supu ya choroko. Mwisho wali laini na vyakula vya kawaida. Hakuna kuruka ngazi.

Mpango huo haukuandikwa kwa ajili ya operesheni za leo, lakini njia yake inakaribiana na ile ya hospitali. Utumbo ukishikwashikwa na daktari mpasuaji, unalala kwa muda. Ndiyo maana manesi wanauliza kila asubuhi: “Umetoa hewa?” Watu wanacheka, lakini ile hewa ni habari njema, inasema utumbo umeanza kuamka. Siku hizi madaktari wanaanzisha chakula mapema kuliko zamani, lakini bado ni kidogo kidogo.

Mzee wa sukari ana shida ya ziada. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, hata ile inayosukuma chakula tumboni. Chakula kinakaa sana, tumbo linajaa kwa vijiko vitatu tu. Basi, asilazimishwe sahani kubwa mara mbili kwa siku kama tulivyozoea. Apewe kidogo mara tano au sita. Fungu la chakula la siku ni lile lile, tunalikata vipande tu.

MGONJWA HAULIZWI UJI?

Wazee wanasemaga mgonjwa haulizwi uji, maana yake anahitaji, mpe tu. Kwa mgonjwa mwingine ni sawa. Lakini mgonjwa wa sukari huyu, uji wake uulizwe maswali mengi!

Uji mwepesi wa unga mweupe unapita haraka na kuwa sukari kwenye damu. Ukiongeza vijiko vinne vya sukari “apate nguvu”, umefanya vibaya mara mbili. Na sukari ikiwa juu, kidonda hakiponi vizuri: askari wa mwili wanaopigana na vijidudu wanalegea, usaha unakuja, nyuzi zinaachia. Operesheni iliyofanywa vizuri inaweza kuharibikia nyumbani, kwenye kikombe.

Asali je? Asali ni sukari. Sukari guru ya Wahindi nayo ni sukari, ingawa ni ya kahawia na muuzaji anasema ni ya asili. Zote mbili zinapandisha.

Fanyeni hivi, kama daktari ameshamruhusu mgonjwa kula:

Uji uwe kikombe kidogo, bila sukari, na utiwe kitu cha kujenga mwili: unga wa soya, karanga zilizosagwa laini, au maziwa yasiyotiwa sukari. Kidonda kinajengwa na vyakula vya aina hiyo. Wali laini uliopikwa pamoja na choroko mpaka vyote vikalainika ni chakula cha wagonjwa India nzima, na hapa tunaweza kukipika. Kama choroko hazipo, chukueni maharage yaliyoiva sana, pondeni, chujeni maganda. Yai moja likipatikana, vizuri. Ndakala zilizokaushwa, zikisagwa unga na kutiwa kwenye supu, zina nguvu kuliko watu wanavyofikiri.

Mboga ziwe laini: lengalenga, majani ya maboga yaliyotolewa nyuzinyuzi, karoti iliyochemshwa. Sombe ingojee kidogo, hasa kama utumbo ulikatwa na kuunganishwa. Nyuzinyuzi nyingi mapema zinaweza kuleta maumivu au kuziba. Ulizeni daktari siku ya kurudi kliniki lini ataruhusiwa.

Viungo vya jikoni kwa kiasi cha jikoni havina neno kwa wagonjwa wengi. Kipande kidogo cha tangawizi kwenye maji ya moto kinapunguza kichefuchefu. Jira na giligilani kwenye supu zinaipa ladha, na mgonjwa asiye na hamu anapata sababu ya kumaliza kikombe. Manjano kidogo sawa. Wahindi pia wanapenda mtindi uliopigwa na maji na kutiwa jira kidogo. Ni chakula kizuri kwa mzee wetu mradi hautiwi sukari. Akiona unamharisha, auache. Pilipili kali ingojee.

HATUA MIA MOJA

Kuna desturi nyingine ya Ayurveda ambayo haiuzwi dukani: baada ya kula, tembea hatua 100. Polepole, bila kukimbia. Manesi nao wanawaamsha waliopasuliwa kutoka kitandani mapema, hata wakilalamika. Kutembea kunaamsha utumbo, kunazuia damu kuganda miguuni, na misuli ikifanya kazi inatumia sukari iliyo kwenye damu. Mzee anaweza kutoka mlangoni mpaka kwa jirani na kurudi, ameshika mkono wa mjukuu, na kiganja kwenye tumbo akikohoa. Ndoo ya maji asiinue, wala jembe, mpaka daktari amwambie.

KWA NINI PAKITI ZINGOJEE?

Sasa tuje kwenye ule unga wenyewe. Kuna sababu tatu.

Ya kwanza, mimea mingine kweli inashusha sukari, na hapo ndipo hatari ilipo. Uwatu, ambao Wahindi wanaita methi, na karela, lile tunda chungu lenye mikunjo, yamechunguzwa na yanaonyesha kushusha kidogo kwa baadhi ya watu. Mzee anakula vijiko vitatu, amemeza glibenklamidi au amechomwa insulini, halafu mnamwongezea unga. Sukari inaweza kushuka chini kabisa usiku wakati wote mmelala. Sukari iliyopanda inaharibu taratibu, lakini iliyoshuka sana inaweza kuua usiku mmoja.

Tena kuna jani liitwalo gurmar, maana yake kwa Kihindi ni muua sukari. Ukilitafuna halafu ukaweka sukari mdomoni, huoni utamu, ni kama mchanga. Watu wakiona hivyo wanaamini sukari imekufa. Lakini kilichozimika ni utamu kwenye ulimi, na hilo halikuambii lolote juu ya damu. Damu inajibiwa na kipimo cha kidole peke yake.

Ya pili, dawa nyingi za “kusafisha tumbo” ni za kuharisha, kama triphala na sanamaki. Utumbo ulioshonwa juzi hautaki kusukumwa kwa nguvu, na mgonjwa akiharisha anapoteza maji na chumvi. Nyingine, kama isabgol na mbegu za uwatu, zinavimba zikikutana na maji. Kwa mtu mzima wa afya zinalainisha choo. Kwa utumbo ambao bado ni mwembamba pale ulipounganishwa, zinaweza kuziba. Choo kikiwa kigumu, semeni kituoni, iko dawa ya kulainisha inayofaa.

Ya tatu ni yale usiyoyaona. Mwaka 2004 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya dawa 70 za Ayurveda walizonunua kwenye maduka ya mji huo. Dawa 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki, ambayo ni sumu. Mwaka 2008 waliopima dawa 193 zilizouzwa kwa intaneti walikuta hali ile ile, karibu moja katika kila tano. Mara nyingine ni uchafu wa kiwandani. Mara nyingine madini yanatiwa makusudi, maana lipo tawi la Ayurveda linaloamini madini yakichomwa kwa namna fulani yanakuwa dawa. Risasi nayo inaleta maumivu ya tumbo na kufunga choo. Fikirini: mtu anameza unga kwa ajili ya tumbo, na unga wenyewe unaongeza ugonjwa wa tumbo.

KAMA KONGOSHO LILIGUSWA

Ulizeni hospitali walifanya nini ndani ya tumbo. Ni haki yenu kujua, na karatasi ya kutoka hospitali itunzwe kama kitambulisho. Kama ni kongosho lililokatwa au kuharibika, jambo ni zito zaidi. Mwaka 1889 madaktari wawili wa Kijerumani, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walimtoa mbwa kongosho lote. Mbwa akaanza kukojoa mara kwa mara, na mkojo ukawa na sukari. Hapo ndipo ilijulikana kongosho ndilo linalotawala sukari.

Kongosho pia linatoa maji ya kusaga mafuta na nyama. Likipungua, choo kinakuwa cha mafuta, kinaelea na kunuka sana, na mgonjwa anakonda hata akila. Kwa mtu huyo hakuna jani linaloziba pengo. Anahitaji dawa za kumsaidia kusaga chakula, na mara nyingi insulini.

“LAKINI HATUNA FRIJI”

Hili tunalisikia sana, na ndilo linawafanya wengine waache sindano wakimbilie unga. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofuata joto la kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ambako joto ni kali kuliko hapa. Insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto la kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Kwa hiyo chupa mnayoitumia inaweza kukaa nyumbani wiki nne, mahali pa kivuli, mbali na jiko na bati. Kuiweka ndani ya chungu cha udongo kinacholowanishwa nje kunasaidia. Chupa za akiba zibaki kwenye friji ya kituo.

Na msiseme hospitali inachukia majani. Metfomini, tembe ambayo wengi wenu mnameza, asili yake ni utafiti wa mmea wa Ulaya unaoitwa galega. Mmea wenyewe ulikuwa na sumu. Wataalamu wakatafuta kilicho ndani, wakakitengeneza upya, wakapima kiasi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akaandika jinsi kinavyosaidia wagonjwa wa sukari. Kupimwa ndiko kunatenganisha tembe ile na unga wa pakiti isiyojulikana.

MGONJWA AKISHINDWA KULA

Asiamue mwenyewe kuacha tembe wala insulini, na asimeze tu kama kawaida. Kipimo kinahitaji kubadilishwa, na anayekibadilisha ni mtu wa kituo cha afya. Nendeni siku ile ile.

Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, moyo kwenda mbio au kuongea mambo yasiyoeleweka, sukari imeshuka. Kama kipimo kipo na kinaonyesha chini ya 4, ni hivyo. Hapo sasa sukari ndiyo dawa: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye maji, anywe mara moja. Baada ya dakika 15, kama bado, mrudieni. Akipata nafuu ale kitu. Kama hajitambui, msimtie chochote mdomoni. Mlazeni ubavu na mkimbilieni kituoni.

Nendeni haraka pia mkiona haya: tumbo linavimba na kuwa gumu, anatapika bila kuacha, hatoi hewa wala choo, ana homa, kidonda kinatoa usaha au kimefunguka, mguu mmoja umevimba na unauma, anapumua kwa haraka na mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva sana. Msisubiri asubuhi. Mhudumu wa afya wa mtaa wenu yuko kwa ajili hiyo, mwamsheni.

Na kama pakiti ilishanunuliwa? Msiitupe wala msiifiche. Ipelekeni kliniki pamoja na dawa nyingine zote, daktari asome. Hakuna atakayewagombeza, na akigomba, mwambieni ukurasa huu ndio umewatuma. Daktari asiyejua mgonjwa anameza nini anapima gizani.

Fungu la mwezi, liwe la chakula au la pesa, halitoshi kujaribu kila kinachouzwa. Pesa ya pakiti moja inaweza kununua mayai, choroko na tangawizi. Mpeni mzee moto wake kidogo kidogo, kama mnavyowasha mafiga, na sindano yake ibaki pale pale.

Maswali yenu tunayangojea. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya miguu ya mgonjwa wa sukari na viatu vya kambini. Afya njema kwa kila nyumba.